Paa, Ukuta na Sakafu Usoni pa Mama Mkwe

Mlioniacha wiki jana mliniacha sebuleni kwa akina Eddah kule Junda, kikombe cha chai mkononi na uwongo mdomoni. Kwa wale ambao hawakuwapo nitasema kwa ufupi, maana aibu haipendi kusimuliwa mara mbili.

Mama Eddah, Josephine kwa jina, kiongozi wa kwaya ya akina mama, aliniuliza, "Felix mwanangu, wafanya kazi gani?" Nami, badala ya kusema kwamba nachanganya rangi za nyumba katika duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Ghalib pale Kisauni, nikajibu, "Mama, mimi nachanganya kemikali."

Haya, niambieni, nilidanganya? Rangi si kemikali? Lakini kabla jua halijatua Junda nzima ilikuwa yajua kwamba Eddah aposwa na mkemia.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Wazee wangu walikuwa wapeleke posa Jumamosi ya wiki ya pili yake. Siku kumi tu. Nikajiambia, Felix, funga mdomo siku kumi, ukishamuoa Eddah utasema yote polepole. Siku kumi! Hata moja haikuisha.

Alhamisi asubuhi Eddah akanipigia simu.

"Mama akuita nyumbani. Uje na vyombo vyako vya kazi."

"Vyombo gani?"

"Vya kikemia."

"Eddah, wewe wajua kazi yangu. Tulijuana ulipokuja dukani kununua rangi ya kibanda chako cha kusuka nywele."

"Mimi najua. Mama hajui. Ulipokuwa ukijisifu sikuwa nimekushika ulimi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, Felix. Njoo uingie."

Nikaomba ruhusa kazini. Nikachukua nilichokuwa nacho: utepe wa kupimia, kile kisu bapa cha kukorogea, na kipande cha kadi nyeusi kwa nyeupe ambacho sisi watu wa rangi hupakia kuona kama rangi yafunika. Nikavifunga ndani ya gazeti ili vionekane vya kitaalamu.

Nilipofika nikakuta mabenchi yamepangwa. Akina mama ishirini na wanne wa kwaya, wamekaa kama walioitwa barazani. Mezani kulikuwa na mikebe sita midogo myeupe.

"Kaka yake Eddah aliye Doha ametutumia mafuta ya uso," akasema Mama Eddah. "Yalainisha ngozi na yakinga jua. Jumapili twaenda kwa miguu kutoka Junda hadi kanisa la Mkomani, na jua hili mwaliona. Lakini sisi hatujipaki kitu tusichokijua. Mkemia wetu yuko hapa. Atatusomea kilichomo ndani."

"Asome kimoja kimoja," ikasema sauti kutoka benchi la nyuma. "Na aeleze."

Huyo alikuwa Mwalimu Milcah. Alifundisha sayansi shule ya msingi miaka thelathini na mbili akastaafu, na macho yake hayajastaafu.

Nikashika mkebe. Maandishi yalikuwa madogo hata mdudu chungu angevaa miwani.

"Cha kwanza ni maji," nikasema. "Kinachotangulia kwenye orodha ndicho kingi kuliko vyote. Hiyo ni kanuni."

Hapo sikudanganya. Hata ndoo za rangi huandikwa hivyo.

"Maji?" akauliza Hawe Nyevu, nyanya yake Eddah, aliyekaa mkekani akinyoosha miguu. "Mjukuu wangu atuma maji kutoka Doha? Kisima chetu kimekauka lini?"

"Glaiserini," nikaendelea.

Wote wakatikisa kichwa. Glaiserini nani asiyeijua?

"Oksidi ya zinki."

Mwalimu Milcah akajiinua kidogo. "Hiyo ni nini na yafanya kazi gani usoni?"

Nikatazama juu kumwomba Mungu, na Mungu akanijibu papo hapo, kwa kuwa nyumba ile haina dari.

"Akina mama, tazameni juu. Mabati yale yamepakwa zinki ndiyo maana hayashiki kutu. Sasa hii ni ndugu yake, unga mweupe laini. Ukijipaka, jua likija lagonga, larudi lilikotoka."

"Yaani tujipake mabati?" akauliza Mama Eddah.

"Mama, hujasikia? Ni ndugu yake."

"Endelea."

"Hii inayofuata ni dioksidi ya titani. Ndiyo weupe wa rangi ya ukuta. Hakuna ukuta mweupe duniani usiokuwa nayo. Nayo pia yafukuza jua."

Mwalimu Milcah akakunja uso. "Felix, mbona mifano yako yote ni ya nyumba?"

Jasho likanitoka. "Mwalimu," nikasema, "uso wa mama ndio nyumba ya kwanza mtoto kuijua."

Wee! Wakapiga makofi hayo! Mama Eddah akafuta chozi. Mimi mwenyewe nilishangaa neno hilo lilikotoka.

Basi nikavimba kichwa, nikasoma kilichofuata bila kukitazama vizuri: "Alkoholi ya setili."

Makofi yakakatika. Kwaya ile, mjue, ndiyo iliyoapa mbele ya kasisi kwamba hakuna atakayeonja mnazi wala pombe yoyote.

"Pombe?" Mama Eddah akasimama. "Mwanangu mwenyewe anitumia pombe niipake usoni niende nayo kanisani?"

"Naomba kwenda msalani," nikasema.

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikafunga mlango, nikatoa simu nikasoma kama mtu anayesomea mtihani. Nikarudi nimenyooka.

"Akina mama, tulieni. Hiyo alkoholi ni ya jina. Ukiiona kwa macho ni nta, nyeupe na ngumu mfano wa mshumaa. Huwekwa ili mafuta na maji yashikane. Hailevyi mtu."

"Hata ukila mkebe mzima?" akauliza Hawe Nyevu.

"Hata ukila mkebe mzima, Hawe."

"Basi wameiweka ya nini!" akasema, akageukia upande wa pili.

Nikamaliza orodha salama. Silikoni, ya kuteleza. Gundi ya kuzuia isichuruzike. Dawa ya kuzuia isiharibike. Manukato kidogo, mwisho kabisa. Ningeaga pale pale, hadithi hii isingeandikwa.

Lakini chini ya mkebe niliona picha ya kikopo kilichofunuliwa kifuniko, na ndani yake "12M".

Jamani, mimi ni mtu wa rangi. Kila ndoo ninayoifungua imeandikwa yafunika mita ngapi.

"Na hapa," nikasema kwa sauti ya profesa, "wametuandikia kwamba mkebe mmoja wafunika mita kumi na mbili za mraba. Tupime uso mmoja, tujue kama itatosha watu wote."

Nikafungua utepe. Mama Eddah akaniletea uso wake, amefumba macho. Mkono wangu ukasimama hewani.

"Mama, hapana," nikasema, nikarudi nyuma hatua mbili. "Uso wa mkwe haushikwi. Hawe, nisaidie, shika hapa wewe."

Hilo lilitoka moyoni. Kwetu nimelelewa hivyo: mama mkwe humgusi, na njia akipita wampisha. Mama Eddah akafumbua macho akawageukia wenzake.

"Mwaiona adabu hiyo? Mkemia, na bado anaijua mila."

Hawe Nyevu akapima, mimi nikahesabu. Nikatangaza kwamba mkebe mmoja wafunika nyuso mia tatu thelathini na tatu, ukipaka mara moja. Eddah akapita nyuma yangu na sinia ya vikombe, akaninong'oneza, "Hiyo ni miezi kumi na miwili tangu ufungue, mjinga wewe."

Nikajifanya sikusikia.

Basi Mama Eddah akachota, akajipaka mashavu yote na paji la uso, akatugeukia.

Zinki na titani vyote viwili vilikuwa vimekaa juu. Mama wa watu, mweusi wa kupendeza, alikuwa amekuwa rangi ya majivu.

Hawe Nyevu akapiga yowe. "Josephine! Umekufa lini?"

Wakaanza kunung'unika. Hatuendi Mkomani hivi, watoto watatukimbia, bora jua. Mama Eddah akanitazama kwa macho ya huruma ndani ya ule weupe.

"Mwanangu mkemia. Huwezi kuturekebishia?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema, mama, mimi ni fundi wa rangi, kaoge. Badala yake nikajisikia nikisema, "Nipeni hiyo mikebe. Kesho jioni mafuta yatakuwa tayari."

Naandika haya ili mnijue nilivyo, sitajitetea. Ijumaa mchana, Bwana Ghalib akiwa msikitini, nilijifungia stoo na mikebe sita. Zile rangi za maji za mashine ya kuchanganyia sikuzigusa. Zile si za binadamu, na mimi si mwendawazimu. Nilisoma kwenye simu kwamba mafuta ya aina hiyo yanayotengenezewa watu weusi hutiwa oksidi ya chuma: nyekundu, ya manjano na nyeusi. Nikainua macho, na pale kwenye rafu nikaiona oksidi nyekundu imenitulia ndani ya mifuko yake, na nyeusi kando yake.

Nikacheka peke yangu. Nikasema, paa lipo, ukuta upo, imebaki sakafu.

Mfuko uliandikwa wazi: ya kutilia saruji ya sakafu. Nikaugeuza maandishi yatazame ukutani.

Eddah alikuwa amenipa picha ya pasipoti ya mamake. Nikailinganisha na kadi ya rangi mpaka nikapata. Chungu cha Udongo, nambari mia nne na kumi na saba. Nikachukua chembe za nyekundu, na nyeusi kidogo sana, nikakoroga kwa kisu changu hadi mkono ukafa ganzi. Nikajipaka mkononi, nikakaa kivulini saa nzima. Yakakaa mazuri, wallahi, yamelingana barabara. Kivulini, nasema. Wala sikutoka jasho hata tone.

Jumapili saa nne walitoka Junda na ngoma mbele, sare nyeupe, vitambaa vyeupe kichwani. Watu wakajaa vibarazani kuwatazama. Hakuna aliyeng'aa kwa weupe, hakuna aliyeungua. Nilikuwa nyuma nikitembea na moyo mkubwa.

Ila nilisahau jambo moja. Nilikuwa nimetengeneza rangi moja tu.

Kwa hiyo walikuwa wanawake ishirini na wanne na wote wana uso wa mama mkwe. Mwanamume mmoja alimletea mkewe maji, akampa jirani. Kasisi aliyewapokea njiani alimshika mkono Mwalimu Milcah akamwambia, "Mama Josephine, kwaya yako imependeza."

Tulipokaribia Mkomani, jua likawa la utosi na wimbo ukapanda. Jasho la kwanza nililiona kwa yule aliyekuwa akipiga kayamba. Lilitoka kwenye paji la uso, jekundu, likashuka shavuni likaingia kwenye kola nyeupe.

Nikasimama. Likaja la pili, na la tatu, na muda si muda kwaya nzima yatiririka nyekundu huku yaimba haleluya.

"Ajali! Ajali!" mtu akapiga kelele. Wanaume wakaacha biashara zao wakaja mbio. Mmoja akambeba mama wa watu mgongoni ampeleke zahanati, naye mama ampiga kwa kayamba akimwambia, "Niteremshe, mimi mzima!" Mlinzi wa lango la kanisa alipiga magoti akaiweka kofia kifuani. Mzima pekee alikuwa Hawe Nyevu, aliyekataa kujipaka tangu mwanzo kwa sababu, alisema, kitu kisicholewesha hakina faida.

Mwalimu Milcah alijifuta kwa kitambaa. Akakitazama. Akakinusa. Kisha akakisugua kati ya vidole viwili, polepole, kama aliyekuwa darasani.

"Hii naijua," akasema. "Hii ndiyo niliyotia sakafu ya jikoni kwangu Krismasi."

Akaanza kunitafuta kwa macho. Mimi nilikuwa nimeshafika Kisauni.

Jioni Eddah akanipigia.

"Mama ameoga mara tano. Taulo lote jekundu na uso bado. Yeye ndiye aliyejipaka zaidi, alitaka kuwaonyesha mfano."

"Asemaje?"

"Hasemi. Tangu kanisani hajasema neno. Hilo ndilo linalonitisha." Kisha sauti yake ikabadilika. "Felix, amejifungia chumbani alia. Mamangu sijamsikia akilia tangu tumzike baba."

Sikula siku ile. Nilimpenda yule mama, msinione hivi. Katika maisha yangu hakuna aliyewahi kusimama mbele ya watu akanisifu, yeye alinisifu, nami nikamlipa kwa sakafu.

Jumatatu saa tatu nilikuwa nyuma ya mashine nikichanganya rangi ya mteja, aproni kiunoni, nimetapakaa madoa ya kadi nzima. Nikasikia Bwana Ghalib akiita.

"Felix! U wapi weye? Njoo hapa, kuna mama ana shida ya oksidi."

Nikatoka nikijifuta mikono. Mbele ya kaunta kulikuwa na mwanamke aliyejifunga leso hadi macho. Nyuma yake Mwalimu Milcah, mkononi amebeba mfuko mtupu wa oksidi ya sakafu wenye muhuri wa duka letu, ushahidi kamili. Hawe Nyevu alikuwa kando. Eddah mlangoni, macho mekundu.

"Huyu ndiye fundi wangu wa rangi, mama," akasema Bwana Ghalib kwa fahari, masikini, hajui kitu. "Mwaka wa sita huu achanganya. Wallahi hana mfanowe Kisauni nzima."

"Fundi wa rangi," ikasema leso.

"Ndiyo, mama."

"Si mkemia."

"Mama, rangi ni kemi..."

"Nyamaza."

Akaifungua ile leso. Uso ulikuwa mwekundu wa kung'aa, paji, mashavu hadi kidevu, kama sebule iliyopigwa nta siku ya sikukuu. Bwana Ghalib akashindwa kujizuia.

"Mashallah," akasema. "Imekolea."

Kisha akaona macho ya watu, akaenda kupanga misumari.

"Huondoka kwa nini?" akaniuliza Mama Eddah.

"Mafuta ya nazi, mama. Wapaka, wangoja kidogo, wapangusa taratibu kwa kitambaa laini. Mara nne, mara tano. Itatoka yote, naapa. Nisamehe, mama. Nilikosa tangu siku ile ya chai."

Mama Eddah akavuta ndoo ya rangi ya lita ishirini, akaikalia katikati ya duka, akaweka mikono magotini.

"Basi nipanguse."

"Mama?"

"Nimekwambia nipanguse."

"Mama, Hawe yuko. Eddah yuko. Mimi siwezi kukushi..."

"Alhamisi uliniambia uso wa mkwe haushikwi," akasema. "Nilifurahi, Felix. Hiyo kemia yako nilijisifia mbele ya watu, lakini hiyo adabu niliipenda kweli. Sasa nisikize. Fundi huishika kazi yake. Mkwe haishiki. Ukinipangusa, wewe ni fundi, umeharibu kazi na umekuja kuimaliza, na kwangu huna mke. Usiponipangusa, wewe ni mkwe. Jumamosi wazee wako waje na posa yao, nami nitawapokea na uso huu huu. Hakuna mwingine nitakayemruhusu auguse. Wakiniuliza nimefanywa nini, nitawaambia ni mikono ya mwana wenu. Halafu tuone kama kuna mzee atakayeweza kufungua kinywa."

Hata wateja waliokuwa wakichagua vitasa wakageuka.

"Usimguse," akasema Hawe Nyevu. "Mjukuu wangu, usimguse, mila ni mila. Ataupoza moyo."

"Hapoi huyo," akasema Mwalimu Milcah. "Namjua."

Bwana Ghalib, asiyejua makubwa yaliyokuwa yakiendelea, alikuwa ameshatoa chupa ya mafuta ya nazi chini ya kaunta, ile ambayo sisi hunawia mikono jioni. Akanipa pamoja na kitambaa. "Mpanguse mama wa watu, Felix, wateja wangoja."

Nikamtazama Eddah. Nilitaka anikonyeze, atikise kichwa, lolote. Alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa akimtazama mamake, aliyekaa juu ya ndoo kama mtoto aliyechelewa kuchukuliwa shuleni, machozi yamechora mistari miwili myeusi katikati ya ule wekundu.

"Felix," akasema Eddah. "Usimwache mamangu hivi."

Nikamimina mafuta kwenye kitambaa. Nikapiga goti mbele ya ndoo. Mama Eddah akafumba macho, akaniinulia uso. Safari hii mkono wangu haukusimama hewani.